Fedha za alizeti na kiwanja cha Mandewa

Na Mwandishi Wetu, Singida

ALIZETI ikishavunwa na kuuzwa, mji wa Singida hupokea watu wa aina mbili. Wapo wenye malori, wanaofuata mbegu za alizeti, vitunguu na kuku wa kienyeji. Na wapo wakulima wenyewe kutoka Iramba, Mkalama, Ikungi na Manyoni, ambao safari hii hawakuja na gunia. Wamekuja na fedha, na wanatafuta kiwanja.

Madalali wanaijua kalenda hiyo kuliko bwana shamba. Utawakuta stendi, utawakuta kwenye vibanda vya chai jirani na soko la vitunguu la Misuna, simu mkononi. Maneno yao yanafanana: “Mzee, kiwanja kipo Mandewa, karibu kabisa na hospitali, nguzo ya umeme ipo mlangoni. Mwenyewe ana shida ya haraka, kesho hukikuti.”

Mara nyingi kiwanja kipo kweli, na nguzo ya umeme ipo kweli. Hata hiyo shida ya haraka huenda ni ya kweli. Kinachokosekana ni majibu ya maswali manne au matano ambayo mnunuzi aliona haya kuyauliza mbele ya mzee mwenye mvi. Na fedha inayotolewa hapo ni jasho la msimu mzima. Singida mvua ni msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kwa hiyo aliyekosea mwezi Agosti hana pa kufidia mpaka mwaka mwingine.

Kwa nini watu wanakimbilia huku? Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,370,637 katika Mkoa wa Singida. Sensa ya 2022 ikahesabu 2,008,058. Ni ongezeko la zaidi ya watu 637,000 ndani ya miaka 10. Si wote waliohamia mjini, lakini mji unalisikia ongezeko hilo. Barabara za lami za kwenda Dodoma, Nzega na Babati zinakutana hapa. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, mlaji wa kuku na vitunguu vya Singida amesogea karibu. Hana tena ulazima wa kungojewa Dar es Salaam.

Mandewa ina sababu yake ya ziada. Ndiko ilikojengwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Palipo na hospitali ya namna hiyo pana wauguzi wanaotafuta vyumba, pana ndugu wa wagonjwa wanaotafuta chakula na pa kulala, na nyuma yao pana duka la dawa, genge, mama lishe na bodaboda. Mfanyabiashara mdogo akiona hivyo anapiga hesabu: nyumba moja, vyumba viwili naishi na familia, vitatu napangisha, uani nafuga kuku. Hesabu hiyo si mbaya hata kidogo. Ni hesabu niliyoipiga mimi pia.

Watu watatu kwenye kiwanja changu

Mwandishi wa makala haya hasemi kwa kusikia. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua kiwanja pembezoni mwa mji huu, katika mtaa ambao sitautaja, kwa sababu majirani zangu ni watu wema na hawakuhusika. Muuzaji alikuwa mzee mpole. Alinionyesha mipaka: mti upande huu, kichuguu upande ule, jiwe kubwa nyuma. Tukapima hatua 20 kwa 20, tukaandikiana karatasi, mashahidi wakatia saini, mhuri ukagongwa. Nikatoa na asilimia kumi “ya ofisi”, bila stakabadhi, kwa kuwa niliambiwa ndio utaratibu. Nikarudi nyumbani nikijiona mwenye nyumba tayari.

Baada ya miezi minane nilipeleka mawe ya msingi. Nilikuta watu watatu wamesimama pale: dada wawili wa yule mzee na mtoto wa marehemu kaka yao. Hawakuja kwa fujo. Walinisalimia vizuri, wakaniuliza ni nani aliyeniuzia shamba la baba yao.

Kumbe shamba lilikuwa la urithi na halijawahi kugawanywa. Mzee alikuwa akililima peke yake tangu baba yao afariki, na kila jirani alimjua yeye kuwa ndiye mwenye shamba. Mashahidi wangu hawakusema uongo. Walishuhudia walichokiona kwa miaka mingi, mtu anauza mahali anapolima. Lakini mali ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwenye ukoo ule hakuwapo msimamizi.

Ilituchukua karibu mwaka mzima. Ukoo ulikaa kikao, wakamchagua dada mkubwa, wakaenda Mahakama ya Mwanzo, tangazo likabandikwa, siku zikapita, akateuliwa. Ndipo tukaandikiana upya, na mimi nikaongeza fedha ili wale wengine nao wapate kitu, maana ile ya kwanza mzee alikuwa ameshaitumia kwa matibabu. Kwa hesabu yangu kiwanja kile kilinigharimu mara moja na nusu ya bei ya dalali, na hapo sijahesabu nauli. Dalali mwenyewe nilipompigia alisema kazi yake ilikuwa kunionyesha kiwanja, na alikuwa amekwishanionyesha.

“Mzee, ulilipataje?”

Ningeuliza swali hilo siku ya kwanza, mzee angenijibu bila kuficha. Hakuwa tapeli. Hakuulizwa.

Majibu yake ni machache na kila moja lina karatasi yake. Akisema amerithi, omba barua ya mahakama ya kumteua msimamizi wa mirathi na muhtasari wa kikao cha ukoo, kisha waone warithi wenyewe kwa macho. Akisema amenunua, omba karatasi aliyouziwa, na ukiweza mtafute aliyemuuzia. Akisema amegawiwa na halmashauri, awe na barua ya toleo au hati. Akisema alifyeka pori mwenyewe miaka ya nyuma, waulize wazee wanaopakana naye, kila mmoja kivyake na si wote kwa pamoja mbele yake.

Kama anayeuza ana mke au mume, huyo naye aitwe asikie na atie saini. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinazuia nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi, hata kama jina kwenye karatasi ni la mmoja tu. Wanaume wengi wa huku kwetu hawapendi kuambiwa jambo hili. Mnunuzi alisisitize tu, kwa adabu, kwa sababu mama asiyeshirikishwa leo ndiye atakayesimama barazani kesho, na sheria itakuwa upande wake.

Sasa niseme jambo ambalo huwaudhi baadhi ya watu. Mhuri wa mtaa hauhamishi umiliki. Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi mzuri, maana anawajua watu wake na mipaka yao, na ni vema awepo. Lakini yeye si msajili wa ardhi. Wala hakuna sheria ya ardhi inayoipa ofisi yake asilimia kumi ya bei ya kiwanja. Ukiona unatakiwa kulipa chochote, dai stakabadhi ya Serikali. Isipokuwepo, basi umetoa zawadi. Sheria inachotaka ni kwamba makubaliano ya kuuziana ardhi yawe kwa maandishi. Kumlipa wakili akayaandika ni gharama, ndiyo, lakini linganisha na mwaka wangu mmoja wa kwenda na kurudi.

Mtaa au kijiji?

Swali la pili lazima liulizwe zaidi kadiri unavyotoka katikati ya mji. Ukiwa Majengo au Ipembe hakuna ubishi kwamba uko mjini. Lakini ukienda pande za Unyambwa, Mtipa au Uhamaka, mashamba ya alizeti na mtama yanaanza kabla hujajua kama mji umekwisha. Kipande unachoonyeshwa kinaweza kuwa kiwanja kilichopimwa, kinaweza kuwa shamba lililo ndani ya eneo la mipango miji, au kinaweza kuwa ardhi ya kijiji kabisa.

Tofauti hizo si za maneno. Ardhi yetu inaongozwa na sheria mbili za 1999, Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zilizoanza kutumika Mei 1, 2001. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote, na ugawaji wake huidhinishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Mgeni anayetoka mjini akaandikiana na mwanakijiji chini ya mwembe, halmashauri ya kijiji haijui, amenunua kesi. Mahakama zetu zimekwisha kutengua mauzo ya namna hiyo, na mnunuzi hubaki akimdai muuzaji fedha ambazo zimekwisha kuliwa.

Kilichopimwa ni rahisi zaidi kukihakiki. Kina namba ya kiwanja, kina kitalu, na kipo kwenye ramani. Zamani mwananchi wa Singida mwenye shughuli ya hati alilazimika kufuata ofisi ya kanda Dodoma. Mwaka 2020 Wizara ya Ardhi ilifungua ofisi za ardhi katika mikoa yote, hivyo kazi ya kuhakiki inafanyika hapa hapa mjini. Omba upekuzi kwa namba ya kiwanja. Utaambiwa jina la mmiliki, kama kiwanja kimewekwa rehani benki, na kama kuna mtu ameweka zuio. Linganisha jina hilo na kitambulisho cha anayekuuzia. Inaonekana ni jambo dogo mpaka siku utakapokuta majina hayafanani.

Uliza pia kodi ya pango la ardhi imelipwa hadi mwaka gani. Deni la mwenye kiwanja wa zamani halimfuati yeye nyumbani kwake, linabaki na kiwanja, na uhamisho haukamiliki mpaka lilipwe. Hati yenyewe hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, kwa hiyo soma imebaki mingapi. Soma na masharti ya uendelezaji, ambayo kwa kawaida humtaka mmiliki awe amejenga ndani ya miezi 36. Wapo wanaonunua viwanja vitatu kwa pupa, wakashindwa kuinua hata ukuta mmoja, kisha wakashangaa kupata ilani.

Katikati ya hayo mawili kuna maeneo yaliyojengwa bila kupimwa, ambayo yamekuwa yakirasimishwa. Urasimishaji ni jambo jema na umewapa watu wengi hati. Wakati wa Waziri William Lukuvi bei elekezi ya kazi hiyo ilishushwa hadi Sh 150,000 kwa kiwanja, ili wananchi wa kawaida waimudu. Lakini mnunuzi aelewe kwamba mchoro ukipita, barabara lazima zipatikane, na zinapatikana kwenye viwanja vya watu. Kwangu mimi barabara ilikula karibu robo ya kiwanja upande wa kichuguu. Kabla ya kununua eneo linalorasimishwa, nenda ofisi ya mipango miji ya manispaa ukaombe kuuona mchoro. Ukikuta kiwanja chako kimeandikwa shule, soko au eneo la wazi, mshukuru Mungu na urudishe fedha mfukoni.

Hatua si mita

Bei za pembezoni hutajwa kwa hatua. Ekari moja, kwa desturi, ni hatua 70 kwa 70. Kwa vipimo vya kitaalamu ekari ni kama mita za mraba 4,047. Ukigawa utaona kwamba hatua moja ni kama sentimita 90 tu. Kiwanja cha hatua 20 kwa 20 basi ni mita 18 kwa 18, yaani mita za mraba 324 hivi, na siyo 400 ulizozifikiria. Hapo umepoteza eneo linalotosha vyumba vitatu vya kupangisha. Nenda na futi kamba yako mwenyewe. Dalali aliyenipimia mimi alikuwa mfupi, na sikuliona hilo mpaka nilipoingia fundi.

Na msingi ukiwa umeshachorwa chini, pima pia umbali kutoka katikati ya barabara kuu kama kiwanja kinapakana nayo. Tangu Sheria ya Barabara ya 2007, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati, wakati zamani ilikuwa mita 22.5. Kiwanja cha kando ya lami kinavutia kwa biashara, ndiyo maana watu huweka fremu za maduka haraka, na ndiyo maana alama ya X huonekana mara kwa mara kwenye kuta zao.

Mwamba, ziwa na upepo

Karatasi zikiwa safi, bado kuna ardhi yenyewe. Mgeni akiingia Singida kitu cha kwanza anachokiona ni mawe: makubwa, mengine yamepandana kama yamepangwa na mtu. Yanapendeza kwenye picha. Yanayomhusu mnunuzi ni yale asiyoyaona, yaliyojificha futi tatu nne chini ya udongo.

Msingi juu ya mwamba ni mzuri, fundi atakwambia umeokoa saruji. Taabu ni choo na karo. Huku mtaani watu wengi hutegemea vyoo vya shimo au karo, na shimo halichimbiki kwenye jiwe. Utachimba futi nne usimame, uhamie kona nyingine, usimame tena. Kupasua jiwe kwa moto na nyundo ni kazi ya wiki kadhaa na malipo yake si ya kuchimba udongo. Kwa hiyo kabla hujalipa fedha yote, omba ruhusa ya kuchimba mashimo mawili ya majaribio, moja pale unapotaka choo. Muuzaji mkweli atakubali. Tazama pia majirani: ukiona vyoo vyote vimeinuliwa juu kwa ngazi kama vituo vya kuuzia tiketi, umeshapata jibu.

Upande wa pili ni maji. Mji huu una maziwa mawili ya chumvi, Singidani na Kindai, na yote mawili hayana mto wa kuyatoa maji. Mwaka wa ukame yanarudi nyuma, mwaka wa mvua nyingi yanapanuka. Anayeonyeshwa kiwanja cha ufukweni mwezi Septemba anaona nyasi na mandhari. Aulize wavuvi maji yalifika wapi mwaka wa mvua kubwa. Zaidi ya hilo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Nyumba ni shughuli ya kudumu.

Maji ya bomba ni ya SUWASA, mamlaka ya maji ya hapa, inayotegemea visima virefu kikiwamo chanzo cha Mwankoko. Usiulize kama bomba limefika mtaani. Uliza linatoa maji siku ngapi kwa wiki, na umuulize mama mwenye ndoo, siyo dalali. Kama unafikiria kuchimba kisima chako, maji yapimwe kwanza, kwa sababu Singida ni miongoni mwa mikoa yenye floraidi nyingi katika maji ya ardhini, ile inayogeuza meno ya watoto kuwa ya kahawia.

Njia ambayo wengi wanaidharau ni paa. Milimita moja ya mvua ikinyesha kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Singida hupata milimita 500 hadi 800 kwa mwaka. Chukua 600, na paa la mita za mraba 100: ni lita 60,000, na ukitoa inayomwagika na kukauka, zaidi ya lita 45,000 zinaweza kuvunwa. Huwezi kuzihifadhi zote, lakini tangi la lita 5,000 likijaa na kutumika mara kadhaa ndani ya msimu, mwenye kuku mia mbili uani anajua thamani yake.

Bati hilo lifungwe vizuri. Upepo wa Singida wawekezaji wameutafutia mitambo ya umeme, na haujali kwamba mwenye nyumba amebana matumizi kwenye misumari. Kenchi zifungwe kwa nondo nyembamba zinazotoka kwenye linta. Pagale unalouziwa kwa bei nafuu, lenye kuta mpaka juu lakini halina linta, si nafuu kama linavyoonekana.

Kodi zinazosubiri

Tuchukue mfano wa kiwanja kilichonunuliwa kwa Sh milioni 3 na sasa kinauzwa kwa Sh milioni 8. Muuzaji amepata faida ya milioni 5, na kwa mkazi wa nchi kodi ya faida hiyo ni asilimia 10, yaani Sh 500,000. Kwa asiye na kumbukumbu za gharama zake, mabadiliko ya 2023 yaliweka asilimia 3 ya thamani ya mauzo, ambayo hapa ni Sh 240,000. Ushuru wa stempu ni kama asilimia 1, takriban Sh 80,000. Andikeni kwenye mkataba nani analipa nini. Watu wasiposema, kila mmoja hudhani ni mwenzake, na faili linalala TRA.

Upo msamaha ambao wakulima wengi hawaujui. Shamba la mtu binafsi lenye thamani ya soko chini ya Sh milioni 10, ambalo limetumika kwa kilimo angalau miaka miwili kati ya mitatu kabla ya kuuzwa, halitozwi kodi hiyo ya faida. Nyumba ambayo mtu ameimiliki na kuishi kwa miaka mitatu au zaidi nayo ina msamaha, kama faida haizidi Sh milioni 15. Mwenye kustahili aende na ushahidi wake.

Ukishajenga, kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU. Ilianza mwaka 2021 kwa Sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni Sh 1,500. Mpangaji anayenunua umeme ndiye anayekatwa, wakati kodi ni ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba mwenye busara hupunguza kiasi hicho kwenye kodi ya pango bila kungoja kuombwa. Ni Sh 18,000 tu kwa mwaka, na mpangaji mzuri karibu na hospitali hapatikani kirahisi.

Na wewe unayeuza

Mpaka hapa nimesema na mnunuzi. Lakini wasomaji wengi wa ukurasa huu ndio wenye mashamba ambayo mji unayafuata, na kwao hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu aliyeuza shamba hana tena pa kuvuna.

Mkulima wa pembezoni huuza kwa mtindo wa kukata mkate: kipande leo kwa ada ya shule, kipande kesho kwa harusi. Baada ya miaka mitano shamba limekwisha, njia hazipo, na vipande vya katikati havina pa kupitia. Ekari moja ikipimwa kitaalamu kwa viwanja vya mita 20 kwa 20 ingetoa 10 kama barabara zingekuwa hazihitajiki. Ukitoa barabara unabaki na saba au nane. Hata hivyo vinane vilivyopimwa, vyenye namba, huuzwa kwa bei ambayo ekari nzima ya kienyeji haiifikii. Gharama ya kupima ni ya kweli na wengi hawana fedha hiyo, lakini majirani watatu wanaopakana wanaweza kumchukua mpima ardhi mmoja aliyesajiliwa wakagawana gharama, kisha mmoja akauza viwanja viwili kulipia kazi.

Na wakati wa kuuza una maana. Mwaka 2023 bei ya alizeti iliporomoka baada ya mafuta ya kula ya nje kuingia kwa ushuru uliopunguzwa. Mkulima anayeuza ardhi katika mwaka kama huo anauza akiwa na deni la pembejeo na watoto wanangoja ada, na dalali analijua hilo kabla hajakaa kwenye kigoda. Mwenye uwezo wa kusubiri miezi michache, au wa kukodisha shamba kwa msimu mmoja badala ya kuliuza, asubiri.

Mgogoro ukitokea, pande zote zianzie baraza la kata. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 baraza hilo husuluhisha tu, halitoi hukumu, na lina siku 30 za kufanya hivyo kabla shauri halijakwenda mbele. Msikae kimya mkidhani muda unaponya. Madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12, na aliyeketi kwenye kipande chako kwa muda huo wote bila kuguswa anaweza kukuambia umechelewa.

Kiwanja changu sasa kina nyumba ya vyumba vitano na banda la kuku. Wale dada wawili ni majirani zangu, na mkubwa ndiye anayenisaidia kuangalia kuku nikisafiri. Choo kilinihangaisha kuliko mahakama: shimo la kwanza lilisimama futi nne, la pili futi tatu na nusu. La tatu tulichimba palepale kwenye kichuguu, kile kilichobaki baada ya barabara, kwa sababu bibi mmoja jirani alisema mchwa hawajengi juu ya jiwe. Fundi alifika futi kumi na moja.